Mtoto Anayekataliwa na Maziwa

Mwanangu Tabita,

Salamu sikutumii, maana nakusikia hapo jikoni ukimwambia Yonasi auache moto. Mimi nipo barazani nyuma ya cherehani. Karatasi nimeilaza juu ya suruali ya mtu wa Nanyala, ile niliyomwahidi tangu wiki iliyopita, na anayepita njiani ataona fundi yuko kazini. Jua bado lipo. Nataka nimalize kabla hamjaniita kula.

Utajiuliza baba anakuandikia nini wakati kinachotutenganisha ni mlango tu. Nimejaribu kusema, mama. Jana nilikuita uje unishikie utepe wa kupimia. Ukaja, na nyuma yako akaja mama mkwe wako kutaka kuona utepe unavyopimwa. Leo asubuhi nikakuita tena, safari hii akaja yeye peke yake, wewe hukuja kabisa. Na hata tungepata nafasi, baba na binti yake hawaongei habari za kunyonyesha na choo cha mtoto. Ningeanza na mvua nikamaliza na mvua. Karatasi haina haya, ndiyo maana nimeikimbilia.

Habari za mizigo na mikeka, na namna ya kuamkia wazee wa Kamsamba, huko ukweni kwako, mama yako amekueleza mpaka mimi niliyekuwa nje nimezijua. Sizirudii. Kesho lori likishuka bondeni kuchukua mpunga mtapanda, wewe na Lazaro mumeo, mama yake, na Yonasi. Mimi nina jambo moja tu la kukuandikia, nalo ni chakula cha Yonasi. Tangu mwanzo nikuambie ukweli: jambo lenyewe silielewi. Nimelitazama karibu miaka miwili, na kadiri ninavyolitazama ndivyo linavyonichanganya.

Mchana huu, ulipokwenda kisimani, mama mkwe wako alikaa hapa na Yonasi mapajani, akimbonyeza mashavu kama mtu anayenunua parachichi.

"Mkwe," akaniambia, "mbona mjukuu wetu hana mashavu?"

"Mashavu anayo, mkwe. Hayajajaa tu."

"Yatajaa. Babu yake amemtengea ng'ombe. Mweupe, ana ndama jike. Siku tutakayofika, kabla hajatia kitu kingine kinywani, atakunywa maziwa ya ng'ombe wake mbele ya ukoo mzima. Hapo ndipo anakuwa mtu wetu."

"Na asipokunywa?"

Akacheka. "Mtoto asiyekunywa maziwa ya kwao ni wa nani basi? Wa cherehani?"

Lazaro na wengine waliokuwa barazani wakacheka, na mimi nikacheka, maana neno lilikuwa zuri. Kisha nikaacha kucheka. Nikamwambia, "Mkwe, mtoto huyu maziwa yanamkataa."

"Yanamkataaje? Yana mdomo?"

Nikamtazama Lazaro. Lazaro akatazama viatu vyake vya mgodini. Simlaumu. Yeye alikuwa Rodeshia kwenye migodi ya shaba wakati haya yote yanatupata, na aliporudi alimkuta mtoto anatembea, anakula, anatupa mawe kwa kuku. Anachokiona ni mtoto mzima. Ugonjwa ameukuta kwenye masimulizi, na masimulizi ya wakwe kila mtu anajua yanavyotiwa chumvi.

Nikajaribu njia nyingine. "Je, haitoshi akishika kamba ya ng'ombe wake?"

"Kamba hainyweki, mkwe," akasema, akambusu Yonasi kichwani.

Anampenda, Tabita. Angekuwa mama mkwe wa kutesa watu ningejua la kufanya. Huyu atamnywesha kwa mapenzi, na kama utakuwa umekataa, atamnywesha umekwenda mtoni. Sioni adui popote katika jambo hili, na ndicho kinachoniogopesha.

Sasa ngoja nikusimulie niliyoyaona mimi. Utasema unayajua, uliyapitia mwenyewe. Lakini wewe ulikuwa umembeba mtoto, na mimi nilikuwa nimekaa. Anayekaa huona mengine.

Siku mama yako alipotia maziwa kwenye uji wa Yonasi kwa mara ya kwanza, midomo ya mtoto ilivimba kabla bakuli halijaisha. Mwili ukatoka mapele kama ameguswa na upupu. Akatapika, halafu akaharisha, na kwenye choo kulikuwa na damu. Mimi nilisema ni meno. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, kwa sababu nilikuwa mwanamume pekee nyumbani na ilinibidi niseme kitu. Mama yako akasema maziwa yalikuwa ya moto mno, kesho tumpe yaliyopoa. Yaliyopoa yakamfanya vilevile. Jirani akasema mtoto mdogo apewe maziwa mgando, ni mepesi tumboni. Tukampa mgando. Tulikuwa watu wazima watatu wenye akili zetu, na kila mmoja alikuwa akitafuta namna nzuri zaidi ya kumpa mtoto kitu kilekile.

Ndipo akaja shangazi yako Luti. Luti alimtazama mtoto, akatutazama sisi, akauliza, "Huyu mmempa jina la nani?"

Kanisani ni Yonasi, lakini nyumbani tulikuwa tumempa jina la babu yangu, Nzunda. Luti akapiga makofi. "Mnamwita Nzunda, halafu mnampa maziwa! Mmesahau mzee alivyopigwa pembe na ng'ombe, akaapa hataki kuwaona mpaka anakufa? Mnamlazimisha mzee anywe asichotaka. Mbadilisheni jina."

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilijua la kusema, sikulisema. Siku ya kubadilisha jina nilikwenda kusimama barabarani, nikitazama kama kuna gari linakuja, ili nikiulizwa niseme sikuwepo. Barabara yetu hiyo, unajua mwenyewe, gari likipita ni habari ya wiki nzima. Nilisimama mpaka miguu ikaniuma.

Akaitwa Mgala, jina la mzee mwingine wa ukoo. Na Luti akaweka sharti: mpaka jina likae, maziwa yasiingie nyumba hii, wala kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Hata wewe uliyekuwa unanyonyesha ukaacha chai ya maziwa uliyoipenda sana.

Na mtoto akapona! Ngozi ikatakata, akalala, akaanza kucheka na watu. Nikampa Luti kuku kwa mkono wangu mwenyewe, yule mkubwa mwekundu, na mama yako hajanisamehe mpaka leo.

Luti akasema jina limekaa. Ukarudi kwenye chai yako ya maziwa. Mtoto hakupewa hata tone, lakini akaanza kujikuna usiku. Luti alipoulizwa akasema hatulitamki jina vizuri. Tukalitamka vizuri, jina zima, kila asubuhi. Mtoto akaendelea kujikuna. Ndipo mama yako akasema, kwa kuwa jina limekaa, tumjaribu na maziwa kidogo kwenye kiazi. Siku ile sitaki kuiandika. Utakumbuka kifua chake kilivyopiga mluzi, na macho yalivyovimba yakafumba. Ulimfunga mgongoni ukaanza kukimbia kuelekea misheni kabla hata sijavaa kofia.

Yule bibi mzungu wa zahanati alisikiliza mpaka mwisho, tofauti na sisi. Akasema maziwa basi, yasimguse tena. Hapo alisema neno zuri. Kisha akasema mtoto anahitaji kitu cha kumjenga mwili badala ya maziwa, akatupa unga wa soya. Ni yale maharage mapya ambayo Bwana Shamba aliyapanda kwenye shamba la misheni, akasema yana nguvu kama nyama. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha. Mama yako aliuweka ule unga juu kabisa, mahali pa sukari.

Siku za kwanza alikula vizuri. Baadaye damu ikarudi kwenye choo. Wewe ukadhani hukupika vizuri. Nilikuona, mwanangu. Nilikuwa hapahapa nikikuona umeinama juu ya sufuria unakoroga huku machozi yanadondoka, unachemsha upya uji uliokwisha kuiva. Mama yako anakwambia ongeza moto, Luti anakwambia mtaje jina ukikoroga. Tulichemsha mpaka kuni za msimu mzima zikaisha, na mtoto akazidi kukonda. Nilitamani nikuambie uache. Lakini nikuambie uache ili umpe nini? Maziwa yanamuua, soya imetoka kwa watu wenye dawa, na mimi najua kushona.

Nikaenda mwenyewe kwa bibi wa zahanati. Nikamuuliza, "Bibi, soya hii ndani yake hamna maziwa kweli?"

"Hamna, fundi. Ni maharage tu."

"Mbona maharage yetu anakula na hayamfanyi kitu?"

Akapanguza miwani yake, halafu akasema, "Sijui."

Nilimpenda tangu siku hiyo. Katika watu wote waliotushauri, mimi nikiwa wa kwanza kwa kelele, alikuwa ndiye pekee aliyelisema neno hilo.

Halafu ukaja msiba wa Tunduma, ukaenda na mtoto kwa mjomba wako Elia. Mvua ikaharibu njia, ukakaa kule kuliko ulivyotaka. Kwa Elia hakuna ng'ombe, na soya hawajawahi kuiona. Kuna samaki wakavu wa Rukwa anaowauzia watu wa ng'ambo ya mpaka, kuna karanga, ndizi, na ulezi. Mtoto akala uji wa ulezi wenye karanga zilizosagwa, akala samaki aliyesagwa akatolewa miiba, kwa sababu hakukuwa na kingine. Wale akina mama wa sokoni wanaosema Kibemba wakamwita bashikulu, yaani babu, kwa jinsi alivyokaa ametulia akitafuna kama mzee mwenye mali. Uliporudi nilidhani umebeba mtoto wa mtu mwingine, kwa jinsi alivyonawiri.

Luti akaja, akamtazama, akauliza, "Kule walikuwa wakimwitaje?"

Ukamwambia.

"Si mnaona!" akasema. "Ni jina!"

Hapo ndipo penye fundo langu. Cherehani ikianza kukata uzi, nabadilisha sindano, nashona kidogo, natazama. Bado inakata? Narudisha sindano yangu, nabadilisha uzi. Nikibadilisha vyote kwa pamoja nitashona vizuri leo, lakini ikikata tena kesho nitakuwa mjinga kama jana. Sisi kwa Yonasi tulibadilisha jina na chakula siku moja. Halafu tukabadilisha maji, nyumba, hewa na watu, na jina tena juu yake. Amepona, sawa. Amepona kwa nini? Mimi naamini ni maziwa na soya. Naamini, sijui. Kuna siku naamka nikiwa na hakika kabisa, na ikifika saa ya chai hakika yenyewe imeyeyuka.

Angalia hata ile siku ya kata. Jirani alirudisha kata yetu ya kibuyu, mimi nikamwona ameipangusa kwa kiganja tu. Alikuwa ameitumia kuchotea maziwa. Mama yako akaichotea uji wa Yonasi, na midomo ikavimba, ingawa ndani ya uji hapakuwa na tone la maziwa. Nikasema moyoni, haya, sasa nimejua. Lakini siku hiyohiyo nyuki walikuwa wakizunguka jikoni, na mama yako anaapa kwamba nyuki ndio waliomuuma. Nani anajua? Nimeichoma ile kata hata hivyo. Nyuki nimewaacha.

Kwa hiyo sina elimu ya kukupa, Tabita. Nina hofu tu, nayo imekaa kwa utaratibu. Kamsamba vibuyu vyote vimeonja maziwa. Mboga wanaungia samli, na wakikupenda sana wanaongeza samli. Wali wao ni mzuri na utamfaa, samaki wapo wabichi kabisa, karanga mama yako amekufungia gunia. Sufuria na kijiko cha Yonasi ni vyake, na vioshwe kwa mkono wako. Na wewe mwenyewe kama bado unamnyonyesha, chai uinywe kavu. Najua. Ni chungu. Nimekuwa nikiinywa kavu pamoja na wewe tangu wakati ule bila kusema, na bado sijaizoea.

Kilichobaki ni huyo ng'ombe mweupe.

Nimefikiri mchana kutwa, na nimeona hivi. Ukiwaambia mtoto anaumwa na maziwa, watakwambia hajapata maziwa mazuri. Ugonjwa kila mtu ana dawa yake. Lakini mwiko hauna dawa. Mtu akisema kwetu hatuli nyama fulani, hata mkorofi hamwekei nyama hiyo mbele yake. Hawaulizi umetoka wapi, maana na wao wana yao na hawajui imetoka wapi.

Basi leo tutakapokaa kula nitasema mbele ya wakwe kwamba nyumba yetu ina mwiko. Mtoto wa kwanza wa binti wa kwanza haguswi na maziwa ya ng'ombe mpaka ameng'oa meno ya utoto na kuota mengine, na akiguswa anakufa mikononi mwa aliyempa. Hilo la mwisho, kwa jinsi kifua kile kilivyopiga mluzi, sidhani hata kama ni uongo. Mama mkwe atasema mtoto ni wa ukoo wao. Nitamwambia ni wake kabisa, na ng'ombe ni wa mtoto, achungwe azae, mtoto atakunywa atakapoota meno ya pili. Labda kufikia hapo maziwa yatakuwa yamemsamehe. Nimesikia wengine husamehewa. Soya nayo nitaitia humohumo ndani ya mwiko, isije ikamfuata Bwana Shamba mpaka bondeni. Wakiniuliza babu zetu waliijulia wapi soya, hapo sijui nitajibu nini. Nitakohoa.

Mchungaji nitamweleza mwenyewe. Hilo ni langu.

Na mwiko ukishindwa, wakasema kwamba ukoo wa fundi ni ukoo wa vioja, basi wewe kataa tu waziwazi. Mnyang'anye mtoto mbele ya wazee. Watakuita mke mbaya, na ubaya huo uubebe. Ukichoka kuubeba, lori lililoshuka na watu hupanda na mpunga, na dereva ananijua. Hutaulizwa kitu hapa. Wakitaka wa kumtukana, wanitukane mimi. Niko juu huku kijijini kwetu Ruanda, na matusi ya bondeni hayaupandi mlima huu bila kuchoka njiani.

Barua hii naikunja ndani ya gauni lako la safari. Sasa hivi nitakuita uje ulijaribu, na mama mkwe wako akikufuata mwambie lina vifungo vingi. Jifungie chumbani, soma, kisha karatasi uitie motoni.

Halafu njoo ukae kwenye mkeka pamoja na wote. Nikianza kusema habari za mwiko, usishangae, wala usinisaidie maneno. Inamisha kichwa tu, kama binti aliyeukuta nyumbani kwao tangu anazaliwa, na umvute Yonasi karibu yako.

Baba yako